Seva haibishi hodi: dhana potofu kuhusu seva kumpigia mteja

Wanaojenga huduma za wavuti wana sentensi moja inayopita kwenye vikao bila kupingwa: "Kazi ikiisha, seva itampigia mteja." Inaingia akilini vizuri, mpaka siku ya kuiandikia msimbo. Kwenye HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, mteja (yaani programu inayoomba, kama kivinjari au app ya simu) ndiye anayebisha hodi, na seva ndiyo inayosema karibu. Hitilafu nyingi nilizoitiwa katika eneo hili zilianza pale watu waliposahau kuulizana: muunganisho huu kaufungua nani?

Dhana: Seva ikishaijua anwani ya IP ya mteja, inaweza kumpigia wakati wowote

Anwani inayoonekana na seva mara nyingi si ya mteja. Ni ya ruta inayofanya NAT, yaani kubadilisha anwani za ndani ziwe moja ya nje. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta hiyo ina anwani ya ndani, mfano zile zinazoanza na 10 au 192.168, ambazo waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 ulizitenga kwa mitandao binafsi. Kampuni za intaneti nazo huweka tabaka la pili juu yake: safu ya 100.64.0.0/10 ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo, hivyo wateja wengi wasiojuana hutoka nje kwa anwani moja. Ruta hukumbuka mazungumzo yaliyoanzia ndani tu. Pakiti inayokuja kutoka nje bila kualikwa haina pa kupelekwa, basi hutupwa.

Enzi za SOAP, mtindo wa zamani wa programu kutumiana ujumbe wa XML, watu walilijaribu jambo hili kwa dhati. Kiwango cha WS-Addressing, kilichopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2006, kina kichwa, yaani sehemu ya maelekezo juu ya ujumbe, kiitwacho ReplyTo ambamo mteja huandika mahali anapotaka jibu lake lipelekwe. Microsoft nao, katika WCF, maktaba yao ya kujenga huduma, walitoa WSDualHttpBinding: mteja anafungua poti (mlango wenye namba) yake ya kusikiliza, na seva inamfungulia muunganisho wa pili kumrudishia majibu. Ndani ya mtandao wa ofisi moja ilikuwa raha tupu. Ikitoka nje, ombi linafika, kazi inafanyika, jibu linagonga ruta na kupotea, na mteja anabaki akisubiri. Ndugu yake, NetTcpBinding, hakuwa na shida hiyo kwa sababu majibu yalirudi kwa njia ile ile aliyoifungua mteja.

Dhana: WebSocket imegeuza mambo, siku hizi seva ndiyo inayopiga

WebSocket, njia ya mazungumzo ya kudumu kati ya mteja na seva (RFC 6455, Desemba 2011), huanza kama ombi la kawaida la GET lenye kichwa cha Upgrade. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, na kuanzia hapo pande zote mbili zinaweza kusema bila kusubiri zamu. Aliyefungua ni mteja yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mlango haufungwi baada ya jibu la kwanza.

Na mlango ulioachwa wazi una maadui wengi. Niliwahi kuitwa kuangalia ukurasa wa takwimu uliokuwa ukikatika kila dakika moja, lakini usiku tu. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake: chelezo za usiku, mtandao, hata mlinzi aliyedhaniwa anachomoa waya. Kumbe mchana data zilikuwa zinapita mfululizo, na usiku kulikuwa kimya. Nginx, proksi (programu ya kati inayopitisha maombi) iliyokaa mbele ya seva, kwa mpangilio wake wa kawaida, husubiri sekunde 60 bila kusikia kitu kisha hukata. Dawa ilikuwa seva kutuma ping, ujumbe mdogo wa "upo?", kila sekunde 30. Kivinjari hujibu pong chenyewe, bila msimbo wa ziada.

Ping ina faida ya pili. Simu ikipoteza mtandao ghafla, haiagi. Seva itaendelea kuandika kwenye soketi (ncha yake ya muunganisho) ya marehemu, na hakuna kosa litakaloonekana, maana kuandika kwenye soketi ni kuukabidhi ujumbe kwa mfumo endeshi tu. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, TCP, itifaki inayobeba data hizi, hurudia kutuma pakiti zisizojibiwa kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Programu inayoandika "ujumbe umefika" mara tu baada ya kutuma inajidanganya. Kama kufika ni muhimu, mteja mwenyewe athibitishe kwa ujumbe wake.

Dhana: Seva moja haiwezi kushika miunganisho zaidi ya 65,535

Hii nimeisikia hata kwa watu wenye miaka kumi kazini. Muunganisho wa TCP hutambuliwa kwa vitu vinne kwa pamoja: anwani na poti ya mteja, anwani na poti ya seva. Wateja wote wanaweza kuingilia poti 443. Kinachobana ni kumbukumbu na idadi ya faili zinazoruhusiwa kuwa wazi; WhatsApp walitangaza mwaka 2012 kuwa wamevuka miunganisho milioni 2 kwenye mashine moja. Poti huadimika upande mwingine: proksi moja inayofungua miunganisho kuelekea poti moja ya seva moja ya nyuma. Hapo Linux, isipobadilishwa, ina poti 28,232 tu za kuchagua.

Dhana: Bila WebSocket, seva haiwezi kutiririsha taarifa

EventSource, zana iliyomo ndani ya vivinjari, hufanya hivyo juu ya HTTP ya kawaida, tena ikikatika hujiunga upya yenyewe na kutaja namba ya tukio la mwisho kupitia Last-Event-ID. Kwa taarifa za upande mmoja mimi huanza nayo. Izime tu bafa ya proksi (akiba yake ya muda), la sivyo matukio yatarundikana njiani na kufika kwa mkupuo. Kumbuka pia kuwa kwenye HTTP/1.1 vivinjari huruhusu miunganisho 6 kwa tovuti moja, kwa hiyo mtu akifungua dirisha la saba atalalamika kuwa tovuti imeganda.

Ile "push" ya HTTP/2 ni habari nyingine kabisa. Ilikuwa ya kukijazia kivinjari faili kabla hakijaziomba, na Chrome iliizima katika toleo la 106, mwaka 2022.

Dhana: Webuhuku hufika mara moja tu bila kurudiwa, na kwa mpangilio

Kwenye webuhuku (ombi la HTTP ambalo huduma moja huitumia nyingine tukio likitokea) ndipo seva humpigia mteja kweli, lakini kwa sababu mteja naye amegeuka kuwa seva: ana anwani ya umma, anasikiliza saa zote. Sasa fikiria umepokea taarifa, umeihifadhi, umejibu 200 (yaani "sawa"), na jibu hilo limepotea njiani. Mtumaji hajui. Atatuma tena, nawe utaifanya kazi ile ile mara mbili. Ndiyo maana kila tukio huja na namba yake ya utambulisho. Ihifadhi kwenye jedwali lisiloruhusu marudio, ndani ya muamala ule ule unaobadilisha data.

Watumaji nao hawafanani. Stripe, huduma ya malipo, hurudia kwa hadi siku tatu na haiahidi mpangilio. GitHub, hifadhi ya msimbo, husubiri jibu kwa sekunde 10, na ikishindikana hairudii yenyewe. Kwa hiyo pokea, weka kwenye foleni, jibu haraka, kisha fanya kazi baadaye. Binafsi huichukulia webuhuku kama fununu: ikiniambia oda fulani imebadilika, naenda kuuliza hali yake ya sasa kwa API, mlango wa programu wa mtumaji. Mpangilio unakoma kuwa tatizo.

Dhana: Ikija kwa HTTPS, imetoka kwa mwenyewe

HTTPS humhakikishia anayepiga kwamba amefika kwako. Wewe hujahakikishiwa ni nani aliyepiga. Yeyote aliyeijua anwani anaweza kukutumia chochote. Kinachothibitisha ni saini, kwa kawaida ya HMAC (inayotumia ufunguo wa siri mnaoshirikiana), na hukokotolewa juu ya baiti zile zile zilizofika. Nilipoteza alasiri nzima nikilaumu ufunguo wa siri, wakati maktaba yangu ilikuwa imeisoma JSON na kuiandika upya ikiwa na nafasi tofauti.

Mtumaji naye asijisahau. Ukiruhusu wateja wasajili anwani yoyote, mmoja ataandika 169.254.169.254, na seva yako itakwenda kugonga huduma ya siri za ndani ya wingu lako.

Dhana: Kuuliza mara kwa mara ni ushamba

Ripoti inayochukua dakika 20 kuandaliwa, yenye msubiri mmoja, haihitaji muunganisho wa kudumu. Jibu 202 ("nimepokea, bado naandaa") pamoja na anwani ya kuulizia hali, ongeza kichwa cha Retry-After ("rudi baada ya") cha sekunde 30, na mteja atarudi mara 40 hivi. Akirudi kwa ETag, alama ya toleo alilonalo, na hakuna jipya, jibu la 304 ("hakuna kilichobadilika") halina hata mwili. Na simu yake ikizima katikati, akiiwasha ataendelea kuuliza pale alipoishia.