Mbwa kijana akiacha kuchechemea, usimfungulie

Wateja wangu wengi wenye mbwa wadogo hawaji kliniki siku mbwa alipoumia. Wanakuja mara ya pili. Mara ya kwanza alichechemea, wakamtuliza siku mbili tatu, akaanza kukanyaga vizuri, wakamfungulia. Jioni ileile akamkimbiza kuku wa jirani hadi kwenye mikorosho, na asubuhi yake mguu haugusi chini.

Mguu huacha kuuma mapema kuliko unavyopona. Kano iliyovutika hutulia ndani ya siku chache, ila nyuzi zinazoziba pale palipoumia huchukua wiki kadhaa kupata nguvu, na kano iliyochanika hasa hudai miezi. Mbwa mzee hujihurumia mwenyewe katika kipindi hicho. Wa miezi tisa hana habari. Kwake, kisichouma kimepona.

Kabla ya dawa yoyote, mtazame akitembea, na usimtazamie kwenye mchanga. Nyua nyingi za huku kwetu Mtwara, Shangani hadi Mikindani, ni mchanga mtupu, na kwenye mchanga kila mbwa huonekana anayumba. Mtoe kwenye lami au sakafu ya saruji asubuhi kabla jua halijapasha. Mtu mmoja amshike kamba ilegee, atembee polepole kuja na kurudi, na wewe umrekodi kwa simu. Kama shida iko mguu wa mbele, kichwa huinuka mguu mbovu unapokanyaga, kisha hushuka ukikanyaga ule mzima. Watu hulisoma hili kinyume, nikaletewa mbwa mguu wake mzima umezungushiwa bandeji safi kabisa. Kwa mguu wa nyuma tazama nyonga: upande unaouma ndio unaopanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Ukitaka kumshika, mfunge mdomo kwanza kwa kipande cha kanga, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, hilo nalo tutalizungumza ukija.

Anza na unyayo. Tenganisha vidole kimoja kimoja, angalia katikati, minya taratibu, nusa. Utakuta mwiba, kipande cha ganda la chaza, ukucha uliopasuka hadi kwenye nyama, au funza wamejipanga pembeni ya ukucha. Msimu wa korosho kuna kingine ambacho vitabu vya mbwa vya Ulaya havikitaji: mafuta ya maganda. Kwenye nyumba zinazobangua korosho, mbwa hupita juu ya maganda yaliyochomwa, yale mafuta meusi yakaganda vidoleni, ngozi ikababuka na kutoa malengelenge. Akijilamba, mdomo nao unaungua. Wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta kwa sababu hiyohiyo. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, umzuie kujilamba, kisha umlete. Mguu wa namna hii hauna haja ya mazoezi, unahitaji kutibiwa kidonda.

Unyayo ukiwa safi, panda juu ukilinganisha kulia na kushoto: uvimbe, joto, mahali anapovuta mguu. Hapa umri unabadilisha mambo. Mfupa wa mbwa anayekua una sehemu za gegedu karibu na ncha zake, ndizo zinazorefusha mfupa, na ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Mwanguko ambao ungemtegua mbwa mkubwa unaweza kuivunja sehemu hiyo kwa mdogo, na ikiharibika mguu hukua umepinda. Kwa mbwa wengi sehemu hizo hufunga kati ya miezi tisa na kumi na miwili, kwa wale wakubwa wa mwili huweza kufika mwaka na nusu. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyeanguka kutoka kwenye pikapu asiitwe "kateguka tu" kabla ya eksirei.

Kuna pia mbwa asiyeanguka popote. Vijana wa jamii kubwa, hasa jamani shepadi na machotara wake, kati ya miezi mitano na kumi na minane hupata maumivu ya mifupa mirefu yanayohama: wiki hii mguu wa mbele kulia, wiki ijayo wa nyuma kushoto. Ukibonyeza katikati ya mfupa analia. Hupona wenyewe, ila mara nyingi huhitaji dawa ya maumivu. Usichanganye na homa ya kupe, ambayo pia huvimbisha viungo na kumfanya achechemee leo huku, kesho kule. Huyo lakini huwa ana joto, hali chakula vizuri, fizi zimepauka, wakati mwingine damu inatoka puani. Huyo aje leo, si kesho. Vilevile aliyeuinua mguu kabisa, mwenye mfupa uliopinda, au asiyeonyesha nafuu yoyote baada ya siku mbili.

Sasa dawa. Wiki hizi mama mmoja wa Chikongola aliniambia, "Dokta, nimempa diklofenaki nusu tu, ile ya baba." Mama, hata hiyo nusu ni nyingi. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, mambo yameharibika tayari. Panado nayo ikizidi huua ini. Zipo dawa za maumivu za mbwa wenyewe, meloksikamu kwa mfano, zinazopimwa kwa kilo zake. Ninachokichukia zaidi ni sindano ya deksa, dawa kali ya kuzima uvimbe, inayochomwa dukani kwa kila mnyama anayechechemea. Kesho yake mbwa anakimbia, mwenye mbwa anashukuru, na kano inamalizika kuchanika bila kelele. Deksa ikikutana na diklofenaki mwilini, ndiyo hatari yenyewe.

Siku mbili tatu za mwanzo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Hilo ni jepesi.

Kazi ni kumtuliza. Usimfunge mnyororo mrefu: anakimbia mpaka unaishia, unamkata ghafla, mguu uleule unabeba mshtuko. Bora chumba kidogo au kona ya stoo iliyozibwa kwa mbao, anapoweza kulala na kugeuka lakini hawezi kupata kasi. Kama chini ni vigae, tandika magunia, maana kuteleza mara moja kunafuta wiki nzima. Kujisaidia atoke kwa kamba fupi.

Atalia. Siku za kwanza atawalalamikia mtaa mzima. Akili yake ndiyo inayotafuta kazi, basi mpe. Chukua vifuu vitatu vya nazi, vifunike sakafuni, chini ya kimoja weka dagaa, vizungushe, atafute kwa pua. Ukizoea, ficha chakula chake chote cha jioni hivyo, ndani ya taulo kuukuu, chini ya gunia. Nimeona mbwa watundu kweli wakilala chali baada ya robo saa ya kunusa. Ila punguza ugali, kwa sababu hakimbii, na kila kilo inayoongezeka inabebwa na mguu ule.

Akitembea bila kuchechemea ndipo mazoezi yaanze. Dakika tano kwa kamba, mara tatu kwa siku, halafu ongeza dakika tano kila wiki. Polepole, polepole kuliko unavyotaka wewe. Mbwa akienda mbio anaweza kuruka kwa miguu mitatu usimgundue. Akitembea taratibu analazimika kuukanyaga. Wiki zinazofuata mwambie akae na kusimama mara tano hadi kumi, akikaa wima, si kwa kuutupa mguu pembeni. Panga fimbo nne chini, avuke moja moja. Anayekaa karibu na bahari amtembeze kwenye maji ya kina cha kiwiko, maji yakiwa yamejaa na chini ni mchanga. Yakipwa, matumbawe na chaza vitamkata. Msuuze kwa maji yasiyo ya chumvi mkirudi.

Nani aamue kuwa misuli imerudi? Futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa paja, mahali palepale kushoto na kulia, kila wiki. Paja lililoumia likiwa bado jembamba, kamba isiachwe.

Kumfungulia nako kuna mpangilio. Kwanza peke yake uwanjani, muda mfupi, amekwisha kutembea na mwili umepata moto. Baadaye acheze na mbwa mmoja mtulivu. Kurusha mpira kungoje, kwa sababu kule kukata kona ndiko kunakovuruga goti. Kuruka ukuta kuwe cha mwisho, na kama ni wale wanaoruka kila usiku kwenda kwa majirani, ongeza mistari miwili ya tofali akiwa bado kifungoni.