Upelelezi wa anga si ujasusi

Juzi asubuhi, ndani ya teksi ya kutoka Kampala kwenda Jinja, redio ilikuwa ikisoma habari za jeshi kwa Kiswahili. Ndege iliyotumwa kutafuta kambi ya waasi ikaitwa "ndege ya kijasusi". Sentensi mbili baadaye ndege ileile ikawa "inafanya doria". Mzee aliyekaa kando yangu, mstaafu wa jeshi, akatikisa kichwa: "Mwanangu, hao walikwenda reki tu," yaani upelelezi. Kosa hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma.

Upelelezi wa anga wa kijeshi ni kurusha chombo, kiwe ndege, droni au hata puto, kikaone adui yuko wapi, ana nini na anaelekea wapi, kisha habari imfikie kamanda kabla haijachacha. Wafaransa waliufanya kwa puto huko Fleurus mwaka 1794, na Waitaliano kwa ndege nchini Libya mwaka 1911. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo.

Doria ni kitu kingine. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuzunguka, ndugu yake duara. Mwenye doria huzunguka eneo lake kulilinda, kuwe na jambo kusiwe na jambo. Mpelelezi huondoka na swali. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, na Waingereza waliokuwa baharini hawakuweza kuiona. Wakarusha ndege ikawatafutie: imo humo, na iko mkondo upi? Huo ndio upelelezi. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilitazama makombora yanaangukia wapi na kuwaambia wapigaji wasahihishe shabaha, mpaka manowari ikaangamia tarehe 11. Hata kazi hiyo ya pili, kwa kweli, ni kuongoza mizinga, ingawa marubani walitumia macho yaleyale.

Lakini neno linalonikera hasa ni ujasusi. Nalo ni la Kiarabu, kwenye mzizi wa kupapasa kwa mkono, kama tabibu anavyopapasa mshipa wa mgonjwa. Sheria za vita zimelipa mpaka wake. Kanuni za Hague za mwaka 1907, kifungu cha 29, zinasema jasusi ni yule anayetafuta habari katika eneo la vita kwa kificho au kwa kujisingizia. Askari asiyejibadilisha sura, hata akipenya hadi kwa adui kutafuta habari, si jasusi. Kifungu hicho kinawakinga hata waliotumwa kwa puto kupeleka barua. Rubani wa upelelezi aliyevaa sare akidunguliwa vitani ni mateka wa vita, naye hashtakiwi kwa kuangalia. Jasusi hupelekwa mahakamani. Ukimwita rubani huyo jasusi redioni, umemvua kinga yake kwa neno moja.

Ujasusi wa angani upo, sikatai. Francis Gary Powers, aliyedunguliwa juu ya Urusi ya Kisovieti tarehe 1 Mei 1960, alikuwa rubani wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Hapakuwa na vita, na Marekani ilianza kwa kudai kwamba ndege yake ilikuwa ya kupima hali ya hewa. Moscow ilimhukumu kifungo cha miaka 10 kwa ujasusi, na hapo neno limekaa mahali pake.

Nadhani najua kwa nini watangazaji wetu hulikwepa neno upelelezi. Polisi wamelizoea sana, hata msikilizaji akilisikia anafikiria jalada la kesi na mtu aliyeibiwa ng'ombe. Dawa yake ni ndogo. Ndugu mtangazaji, habari kama ile ikirudi, sema "ndege ya upelelezi ya jeshi". Hilo "ya jeshi" litatosha kumwondoa polisi kichwani mwa msikilizaji, na yule mzee wa kwenye teksi atakuelewa.