Je, wajua kwa nini fundi anayelifuata gari barabarani hafungui rejeta mara anapofika?

Gari linapochemsha jijini Mwanza, kwenye foleni ya Buzuruga au njiani kuelekea Usagara, na mwenye gari akampigia simu fundi wa kulifuata lilipo, huja kukereka pale anapomwona fundi huyo akishuka kwenye pikipiki na boksi lake la spana, akafungua boneti, kisha akasimama tu. Mvuke unafuka, dumu la maji liko tayari, naye fundi anasema tusubiri. Wapo wanaodhani kwamba anavuta muda ili bei ipande. Sababu halisi imo katika kifuniko cha rejeta, yaani chombo kinachopoza maji ya injini, na katika kimo cha jiji lenyewe.

Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko inavyofanya pwani. Ndiyo maana maji yaliyo kwenye sufuria isiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam, ilhali Mwanza huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kwa anayepika maharage, tofauti hiyo humwongezea muda wa kukaa jikoni na kumpotezea mkaa. Kwa injini ni jambo zito zaidi, kwa kuwa injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 85 na 100, yaani palepale ambapo maji ya Mwanza huanza kuchemka.

Kifuniko cha rejeta kiliundwa ili kuondoa tatizo hilo. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke mpaka mgandamizo ufikie kiwango kilichoandikwa juu yake, ambacho katika magari mengi madogo tunayoyatumia ni 0.9 au 1.1 kwa kipimo cha mgandamizo kiitwacho bar. Chini ya kifuniko cha 1.1, maji yaleyale yaliyotaka kuchemka kwenye nyuzi 96 huvumilia mpaka karibu nyuzi 120. Sasa chukua injini iliyopata moto hadi maji yake yakafika nyuzi 110, kisha mtu akafungua kifuniko. Mgandamizo unashuka mara moja, na maji yanajikuta yamezidi kiwango chake cha kuchemka kwa nyuzi 14. Ukipiga hesabu kwa rejeta na injini zenye lita 6 za maji, sehemu inayogeuka mvuke haifiki hata asilimia 3, lakini maji yanapogeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,500, kwa hiyo kiasi hicho kidogo hutoa mvuke wa lita zaidi ya 200. Mvuke huo hauna pa kupita isipokuwa kwenye tundu alilolifungua, nao hutoka ukisukuma maji ya moto kuelekea usoni na mikononi mwake.

Kusubiri, basi, ni sehemu ya kazi, na fundi mzuri haupotezi muda huo. Huchunguza kama mkanda umelegea au umekatika, kama fyuzi ya feni imeungua, na kama chini ya pampu ya maji kuna alama ya kuvuja. Huchomoa kijiti cha oili ili aone kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake cha juu, imeachia na maji yameingia kusikotakiwa. Akiikuta dalili hiyo, hapaswi kuendelea kufungua vitu kando ya barabara: hedi iliyopinda hupelekwa kwa mchongaji ikasawazishwe, na kuifunga tena kunahitaji mahali pasafi na spana ya kupimia nguvu. Mpira wa rejeta, mkanda, fyuzi au kifuniko anaweza kubadilisha hapohapo.

Akiubonyeza mpira wa juu wa rejeta na kuukuta laini, si mgumu kama tairi lililojaa, ndipo huweka kitambaa kinene na kulegeza kifuniko hatua ya kwanza ili mgandamizo uliobaki utoke. Hata hapo hamwagi maji ya ziwa ya baridi kwa pupa, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka, na maji ya ziwa huja na tope na mwani vinavyoziba njia nyembamba za rejeta. Wako wanaouliza kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ya nini katika nchi isiyoganda barafu. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Kuna tabia moja ya gereji zetu nisiyokubaliana nayo, ya kung'oa themostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Themostati huyafungia maji mpaka injini ipate moto unaofaa. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu na kula mafuta zaidi. Katika baadhi ya injini, themostati hiyohiyo ndiyo hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, kwa hiyo kuitoa ili gari lisichemshe ndiko hulifanya lichemshe.

Kilichobaki ni kifuniko chenyewe, ambacho wateja wengi hukataa kukibadilisha kwa kuwa kinaonekana kizima. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, maji hurudi kuchemka kwenye nyuzi zilezile 96, huku feni ya umeme katika magari kadhaa ikiwa ndiyo kwanza inawaka na mshale wa joto kwenye dashibodi ukiwa katikati. Kifuniko hichohicho kingeweza kuvumilia miezi Dar es Salaam bila mtu kukishuku.