Jenereta ipo, lakini itawaka?

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikuwa na jenereta zake, lakini usiku ule mojawapo ilikataa kuwaka. Abiria wakabaki gizani na mizigo yao, na waziri wa uchukuzi akaomba radhi hadharani. Tanzania nayo ilionja shubiri hiyo Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilipopata hitilafu.

Siku kama hizo lawama huliendea shirika la umeme, na mara nyingi linastahili. Lakini wamiliki wa majengo wana swali lao ambalo hawapendi kuulizwa: gridi ikianguka, nani kwenye jengo lako anajua kitakachotokea katika sekunde 15 za kwanza? Anayepaswa kujua ni mhandisi wa umeme wa jengo. Taasisi nyingi humkumbuka taa zikizimika tu, na bajeti ikibana nafasi yake ndiyo ya kwanza kuachwa wazi. Fedha za jenereta hupatikana, za mtu wa kuisimamia hazipatikani.

Tuchukue hospitali kubwa ya mkoa. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, huleta umeme wa kilovolti 11 au 33 hadi kwenye transfoma, ambayo huushusha hadi volti 400 kati ya fezi na fezi, yaani volti 230 kwenye soketi. Kuanzia mita kwenda ndani, mali ni ya hospitali na dhamana ni ya hospitali: bodi kuu, kebo, swichi, jenereta, UPS (betri zinazoshika umeme papo hapo unapokatika), mfumo wa erthi (nyaya zinazopeleka umeme uliovuja ardhini), pampu za maji, lifti, viyoyozi. Kebo ikiungua ndani ya ukuta wa wodi ya wazazi, hakuna gari la dharura la TANESCO litakalokuja kuitengeneza.

Umeme unapokatika, swichi ya kubadilisha chanzo, ile mafundi wanayoiita chenji-ova, haikurupuki. Husubiri sekunde chache ijiridhishe kwamba si kupepesa tu, kisha huiamuru jenereta iwake. Injini hupanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, volti na masafa ya hezi 50 vikitulia ndipo swichi hugeuka. Kazi yote hiyo, kila kitu kikiwa sawa, huchukua sekunde kama 10 hadi 15. Kwa jikoni na ofisi hakuna tatizo. Taa ya chumba cha upasuaji ni habari nyingine, maana kiwango cha kimataifa cha umeme wa majengo ya tiba kinataka irudi ndani ya nusu sekunde. Hakuna jenereta ya dizeli inayoweza kuwaka kwa kasi hiyo, kwa hiyo pengo hilo lazima lizibwe na betri, na lazima awepo mtu anayepima betri hizo kwa ratiba, asiyeridhika na taa ya kijani iliyo mbele ya mashine.

Hapo ndipo uhandisi wenyewe unapoanza, yaani kuugawa mzigo. Kipi hakiruhusiwi kuzimika hata kidogo, kipi kinaweza kusubiri jenereta, kipi kibaki kimezimwa mpaka gridi irudi? Mota za lifti, pampu na viyoyozi vikubwa zikianza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Ukiziruhusu zote zirudi kwa pamoja, jenereta inayotosha kabisa kwenye karatasi itazidiwa na kuzima. Mhandisi mzuri huzipanga zirudi kwa zamu, sekunde kadhaa kati ya moja na nyingine. Na hawezi kuamua peke yake ofisini. Lazima akae na madaktari na wauguzi, maana mchoro haumwambii kwamba friji ile pale kwenye korido, iliyochomekwa kwenye soketi ya kawaida, ndiyo yenye damu.

Jenereta hukataa kuwaka kwa sababu zisizo na fahari yoyote. Mara nyingi ni betri ya kuwashia, iliyozeeka kimyakimya. Nyingine ni dizeli iliyokaa tangini muda mrefu ikaingia maji na kuota utando unaoziba chujio. Halafu kuna ile inayoudhi kuliko zote: fundi wa matengenezo alizima swichi ya kujiendesha ili afanye kazi kwa usalama, akamaliza, akaondoka, asiirudishe.

Kuna pia desturi ya kuiwasha jenereta kila wiki dakika kumi bila mzigo wowote, ikasikika inanguruma, watu wakaridhika. Desturi hiyo haitoshi, na ikizoeleka inadhuru. Injini ya dizeli inayokimbia chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi na mabaki ya mafuta hujaa kwenye bomba la moshi, na nguvu hupungua. Jaribio la maana ni la angalau nusu saa kila mwezi, likibeba mzigo, na namba zikaandikwa: kilowati, volti, joto la injini, shinikizo la oili.

Chumba cha upasuaji kina jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu wa majumbani huwa hawajalikuta. Nyumbani, waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya kifaa, breka hukata, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mgonjwa akiwa amefunguliwa kifua, breka ikikata inaweza kumuua. Kwa hiyo vyumba hivyo hulishwa kupitia transfoma ya kutenganisha ambayo nyaya zake hazijaungwa na erthi. Hitilafu ya kwanza haikati umeme. Kifaa cha uangalizi hupiga kengele pale ukinzani wa kihami unaposhuka hadi kiloomu 50, na upasuaji unaendelea. Ila kengele hiyo ina maana moja: kinga imeshatumika, hitilafu ya pili haitakuwa na huruma. Muuguzi asiyefundishwa ataibonyeza inyamaze, na kesho yake hakuna atakayekumbuka. Kumfundisha muuguzi huyo ni sehemu ya kazi ya mhandisi, sawa na kufunga kifaa chenyewe.

Moto wa umeme nao una hesabu yake. Watu husema "ni shoti" na kufunga mjadala, lakini moto mwingi huanzia kwenye nati iliyolegea tu. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 10 kikipitisha ampea 200 hutoa wati 400 za joto, mchana kutwa, ndani ya boksi lililofungwa. Volti zinazopotea hapo ni mbili tu, kwa hiyo hakuna atakayeona taa zikififia. Breka haikati pia, kwa sababu mkondo haujazidi. Kamera ya joto huliona doa hilo kwa dakika chache, mradi bodi ikaguliwe ikiwa imebeba mzigo. Kuipiga picha Jumapili asubuhi jengo likiwa tupu ni kupoteza mafuta ya gari.

Wahasibu, kwa upande wao, huamshwa na pawa fakta, yaani sehemu ya nguvu inayovutwa ambayo kweli inafanya kazi. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia uniti, na pia hulipia kilele cha mahitaji yao ya mwezi kinachopimwa kwa kVA, kipimo cha nguvu yote inayovutwa, inayofanya kazi na isiyofanya. Jengo linalofanya kazi ya kilowati 375 kwa pawa fakta ya 0.75 linadai kVA 500. Ukifunga kepasita, vifaa vinavyotoa nguvu hiyo isiyofanya kazi hapo hapo jengoni, za takriban kVAr 207 (kVAr ndiyo kipimo chake), pawa fakta hupanda hadi 0.95 na mahitaji hushuka hadi kVA 395. Mkondo kwenye kebo kuu nao hushuka, kutoka ampea 722 hadi 570, na joto linalopotea humo hupungua zaidi ya theluthi. Tahadhari tu: majengo ya leo yamejaa kompyuta, taa za LED na mota za kasi inayobadilika, ambavyo huchafua umbo la mawimbi ya umeme. Kepasita zikifungwa bila kupima uchafu huo huweza kuukuza hadi zipasuke. Waya wa nyutro nao, tuliofundishwa kwamba kazi yake ni nyepesi, unaweza kubeba mkondo mkubwa kuliko fezi.

Anayeajiriwa kwa kazi hii lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mafundi wanaofunga mifumo lazima wawe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi. Lakini leseni haionyeshi tabia, na tabia nayo ni ujuzi. Tazama anavyofanya kabla ya kugusa bodi. Anazima, anafunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwake, anatundika kibao chenye jina, kisha anapima kuhakikisha umeme haupo. Anasubiri kepasita ziishiwe chaji. Hafanyi kazi peke yake. Anayekuambia "mimi nimezoea, nafanya huku moto upo" mshukuru, kisha tafuta mwingine.

Kwa mganga mfawidhi, meneja wa jengo au mjumbe wa bodi, ukaguzi wa kuanzia hauhitaji shahada. Omba mchoro wa umeme wa jengo zima. Kama haupo, au hauna lile jengo jipya la wagonjwa wa nje, mhandisi wako anafanya kazi kwa kukisia. Kisha omba daftari la jenereta. Likiwa limeandikwa kila wiki "imewashwa, iko sawa" bila kilowati hata moja, jenereta hiyo haijawahi kujaribiwa. Keti na mhandisi na wakuu wa wodi, chagueni asubuhi isiyo na upasuaji uliopangwa, wauguzi wawe kando ya mashine za kupumulia, kisha mzime swichi kuu wenyewe, saa ikiwa mkononi.