Matandazo ya msimu wa baridi na tindikali ya udongo

Matandazo ni kitu chochote kinachotandazwa juu ya tuta kufunika udongo: nyasi kavu, majani ya migomba, mabua ya mahindi, maranda. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania watu huanza kutandaza mvua zinapokatika, kwa kuwa Juni hadi Agosti huko Njombe, Makete na Mufindi baridi na ukavu huja pamoja, na mboga za kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, huishi kwa unyevu uliobaki bondeni. Tabaka la sentimita 5 hadi 10 hupunguza unyevu unaopotea na huchelewesha udongo kupoa usiku. Ila lisitegemewe kuzuia umande usigande kwenye majani. Joto la udongo likibanwa chini, mmea mfupi huweza kuungua na baridi zaidi.

Sasa, majani ya misindano (mipaina). Yamejaa tele kandokando ya mashamba ya miti kama Sao Hill, hayauzwi, na bado wengi huyakwepa wakiamini yanachachusha udongo. Ni kweli kwamba yakiwa mabichi yana tindikali kali, pH karibu 4 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali huzidi). Lakini yakikaa juu ya tuta huoza taratibu, tindikali hiyo hupungua kadiri vijidudu vinavyoyala, na udongo wenyewe haubadiliki kirahisi. Athari inayobaki ni ndogo, tena kwenye sentimita chache za juu tu.

Mboga nyingi hustawi kwenye pH ya 6 hadi 7. Kipimo hiki kinadanganya macho, kwani kila namba moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una tindikali mara 10 ya ule wa 6. Chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa hata kama umeiweka ya kutosha. Udongo wa nyanda hizi mara nyingi hufika hapo bila msaada wa misindano. Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesiamu, mavuno huondoka na sehemu yake, na mbolea za SA (salfeti ya amonia) na urea za kila msimu huongeza tindikali. Kwangu mimi, lawama ianzie hapo.

Maranda yana kesi nyingine. Yakichanganywa na udongo badala ya kuachwa juu, vijidudu hunyonya naitrojeni ili viyaozeshe, mboga hugeuka njano, na mwenye shamba hukimbilia chokaa akidhani ni tindikali. Hapo kinachotakiwa ni samadi iliyooza vizuri.

Chokaa ya kilimo itumike udongo ukishapimwa, ichanganywe nao miezi kadhaa kabla ya kupanda. Ikinyunyizwa juu ya matandazo huchelewa sana kufika mizizini. Majivu ya kuni nayo hupunguza tindikali, ila yasiwekwe pamoja na urea, maana naitrojeni itapaa hewani.