Shoo ya 1 na shoo ya 40 si shoo moja

Mi ni fundi sauti, yule mtu anayekaa kwenye mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti) huku nyuma katikati ya watazamaji, na ziara ndefu nimezunguka nazo nyingi tu. Kila shoo narekodi, kila maiki na kila ala kwenye traki yake. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya saundi cheki, yaani nikifika ukumbi mpya napiga rekodi ya jana kwenye spika, narekebisha mambo yangu hata kabla wanamuziki hawajaamka. Ila ukishakuwa na rekodi 40 za wimbo uleule unaanza kusikia kitu ambacho wenyewe jukwaani hawakisikii kabisa, wimbo unahama. Kidogo kidogo, kila usiku, na hakuna mtu aliyekaa akaamua uhame.

Kinachohama kwanza ni kasi. Kuna wimbo tulitoka nao mazoezini ukiwa mapigo 92 kwa dakika, shoo ya 3 ukawa 94, shoo ya 18 nikapima nikakuta 99. Unaweza ukaona ni kidogo, lakini wimbo wa dakika 4 hapo umeshapungua kama sekunde 17, na hizo sekunde mwenye kuzilipa ni mwimbaji, manake ile nafasi ya kuvuta pumzi kati ya mstari na mstari ndo inaliwa. Nikamwita mpiga dramu nikamsikilizisha rekodi mbili mfululizo, ya mazoezi na ya jana yake. Akanyamaza, akasema rudia, nikarudia, akaniambia "kaka huyo sio mimi". Alikuwa ni yeye. Jukwaani moyo unakwenda mbio, 99 unaisikia kama 92, halafu kesho yake mwili unakumbuka 99 ndo kawaida na unapanda tena kuanzia hapo. Wengi dawa yao ni kuweka klik, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni shoo nzima, na kweli kama taa na video zimepangwa kwa sekunde huna ujanja. Lakini wimbo unaotaka kupumua ukiufunga klik unaukaba. Sisi tuliweka metronomu ya taa tu, kipima kasi kinachowaka kila pigo, pembeni ya dramu, anaiangalia kabla hajahesabu kuingia, akishaingia anaachana nayo.

Sauti ya mtu nayo ina hesabu zake. Noti ya A ya hertz 440 maana yake nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja, saa nzima ya kuimba maeneo hayo ni zaidi ya mara milioni moja na nusu, af kesho tena, na keshokutwa. Kwa hiyo ukisikia bendi imeshusha wimbo nusu toni, yaani noti zote zimeshuka hatua moja ndogo, katikati ya ziara usiseme wamechoka, hapo wamefanya akili. Mi nasema washushe mapema, sio wasubiri mpaka mwimbaji aanze kukwepa ile noti ya juu, kwa sababu akishazoea kuikwepa anatunga melodi nyingine bila kujua na ile ya mwanzo inapotea.

Sasa sio kila kinachohama ni kosa, na hapa ndo panaponifanya nisilale nasikiliza marekodi. Usiku wa 7 mpiga gitaa alikatikiwa na waya kabla tu ya kiitikio cha mwisho, akasimama, besi akamwangalia akasimama na yeye, ukimya ukaja kama sekunde 3 hivi, na katikati ya ule ukimya watazamaji wakaingia na kiitikio wenyewe bila ala hata moja. Nilikuwa na mkono kwenye maiki za ukumbi, nikazipandisha, na nywele zikanisimama. Kesho yake wakaamua kusimama kwa makusudi, ikafanya kazi. Usiku wa 12 ukimya umeshakuwa sekunde 6, usiku wa 20 mwimbaji ameongeza kunyoosha maiki kwa watu na kupiga makofi, sekunde 15, na kwenye rekodi unasikia kabisa watu wanaitikia kwa heshima tu. Kile kitu kilikuwa kizuri kwa sababu hakuna aliyejua nani ataingia. Nikawapigia ya usiku wa 7 na ya usiku wa 20, sikusema neno, wenyewe wakaurudisha ule ukimya kwenye pumzi moja.

Ukitaka kujua wimbo unaweza kukua jukwaani kiasi gani, mwangalie mpiga saksafoni Paul Gonsalves na orkestra ya jazi ya Duke Ellington pale kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1956. Utunzi wenyewe, Diminuendo and Crescendo in Blue, ulikuwa wa mwaka 1937, una sehemu mbili, na wazo la kuweka solo ya saksafoni katikati yake lilishapita majukwaa mengine kabla. Usiku ule Gonsalves akapiga mizunguko 27 ya bluzi bila kushuka na ukumbi ukasimama. Huwezi kuliandika hilo mazoezini. Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, wao walilifanya ndo mfumo, zaidi ya shoo 2,300 kati ya 1965 na 1995, listi ya nyimbo inabadilika usiku hadi usiku, na mashabiki waliruhusiwa kurekodi, ndo maana leo unaweza kufuata wimbo mmoja kwa miaka uone ulivyokua.

Ukumbi nao unachangia. Ukijaa, miili ya watu inameza sauti za juu, wimbo unasikika mzito kuliko saundi cheki, na bendi wakisikia uzito wanasukuma kwa nguvu. Hapo kazi ni yangu kuwarudishia ung'avu kwenye monita, zile spika wanazojisikilizia jukwaani, ili wasihangaike.

Shoo ya mwisho ya ziara ile nilipima ule wimbo wetu, 95. Mazoezini ulikuwa 92 na wote tuliapa tutaurudisha huko. Nikausikiliza mara mbili kwenye basi, pumzi za mwimbaji zote zipo, besi na dramu wanatembea pamoja, nikaandika 95 kwenye daftari la ziara inayofuata.