Tairodi Inatakiwa Ipinde

Jumatano asubuhi dereva mmoja wa watalii, bado kijana, aliingia gereji kwetu Unga Limited, Arusha, na Land Cruiser iliyorefushwa, ile ya viti saba na paa la kunyanyua. Kesho yake alikuwa anapeleka wageni Ziwa Natron, na shida yake ilikuwa breki za mbele tu. Nikaingia chini ya gari. Tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele zigeuke pamoja, ilikuwa imelazwa engo ya chuma urefu wake wote, imechomelewa kutoka mwisho hadi mwisho, kisha ikapakwa rangi nyeusi.

"Hiyo haipindi tena, mzee," akaniambia akiwa amechuchumaa pembeni. "Ya mwanzo ilipinda nilipoipita Engaruka. Nikashauriwa niitie nguvu."

Hiyo ni ya nne tangu mwaka uanze. Tatu za mwanzo nilizikata kwa grainda, nikafunga nyingine, wenyewe wakaondoka. Hii ya nne imenishinda kuinyamazia, kwa sababu ushauri ni uleule na unatoka kwa mafundi wanaojua kazi: kikipinda kilikuwa dhaifu, basi kinenepeshe. Kwenye stelingi ushauri huo unaweza kuua watu.

Fikiria tairi la kushoto limegonga jiwe. Jiwe linalisukuma tairi nyuma, nalo linataka kugeuka litazame nje. Kwenye Land Cruiser hizi tunazozihudumia, na kwenye Defender pia, tairodi imepita nyuma ya akseli. Kwa hiyo tairi likigeuka kutazama nje, tairodi inabanwa kutoka ncha mbili. Kitu chembamba chenye urefu unaozidi mita moja ukikibana ncha zote mbili, kinabinuka katikati. Kinapobinuka, nguvu ya lile jiwe inaishia humo. Tairi zako zinabaki zimetazama nje kama miguu ya bata na usukani umekaa upande, lakini bado una gari linalogeuka. Unaifungua tairodi, unaiingiza kwenye panda ya mti au unaikandamiza kwa jeki mpaka inyooke kiasi, unaifunga na kurudi polepole. Nimewahi kufanya hivyo karibu na Selela jua likiwa limeshazama, na tulifika Mto wa Mbu salama.

Sasa ivishe engo. Jiwe ni lilelile, mwendo ni uleule, ila tairodi haibinuki. Nguvu haijapotea, imesogea tu. Inakwenda kwenye shingo ya tairodi endi, yaani kiungo cha kila ncha ya tairodi, kwenye mkono wa stelingi unaoshikana na kiungo hicho, na kwenye zile stadi, bolti zisizo na kichwa, zinazoushika mkono huo kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo. Stadi za Land Cruiser zina washa za koni, na hata kwenye gari zima huwa zinalegea zikiachwa bila kukaguliwa. Zikikatika, tairi moja halina kinacholiongoza. Usukani utazunguka vizuri tu mkononi mwako na tairi litakwenda linakotaka. Hapo hakuna panda ya mti itakayokusaidia. Waza hilo linakutokea ukishuka barabara ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, umebeba watu saba.

Nyumbani kwako fyuzi ikiungua mara mbili huwezi kukubali mtu aweke msumari mahali pake. Utamfukuza. Tairodi ndiyo fyuzi ya mbele ya gari. Ni ya bei nafuu kuliko nako na kuliko stelingi boksi, lile boksi la meno linalopokea usukani, inafunguka kwa spana mbili, na ikipinda inajionyesha. Mkono wa stelingi ukianza kupasuka haukuonyeshi kitu mpaka siku yenyewe.

Simaanishi kwamba kila tairodi ya kiwandani inatosha. Gari lilitoka kiwandani bila bampa la chuma kizito mbele, bila winchi, bila chesisi iliyorefushwa, bila friji, bila tairi mbili za akiba na madumu ya mafuta. Sisi Arusha ndio tunavirundika vyote hivyo, kisha tunaweka tairi kubwa kuliko za mwanzo. Gari la namna hiyo linapinda tairodi hata kwenye kijiwe kidogo. Hapo nami naongeza nguvu, ila naongeza kwa kipenyo, sio kwa kuchomelea.

Ugumu wa fimbo dhidi ya kubinuka unakwenda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoa fimbo ya milimita 24 ukaweka ya milimita 30 umeongeza milimita 6 tu, lakini ugumu umepanda karibu mara mbili na nusu. Na katikati ya fimbo panafanya kazi ndogo sana. Chukua bomba la milimita 32 nje na tundu la milimita 20 ndani: ukililinganisha na fimbo ngumu ya milimita 32, umepoteza kama asilimia 15 ya ugumu na umepunguza asilimia 39 ya uzito. Ndiyo maana nikiambiwa "weka nondo, bomba lina uwazi," huwa nachoka kabla sijajibu. Bomba lenyewe liwe la chuma kigumu lisilo na mshono, ukuta mnene. Bomba la maji halifai, na la kutengenezea vitanda halifai zaidi. Fundi mashine akate meno ya kawaida upande mmoja na ya kushoto upande mwingine, ili tairodi iweze kuzungushwa ikiwa mahali pake. Tairodi endi zibaki za orijino.

Unene kiasi gani? Hapa nasema wazi kwamba nasitasita. Nimefika kwenye vipimo vyangu kwa kuangalia zilizorudi zimepinda na zilizorudi zimenyooka, na kila mteja akibadilisha ukubwa wa tairi navitilia shaka upya. Ninachokishika ni kimoja: tairodi iwe ngumu kuliko ya mwanzo, lakini ibaki ya kwanza kupinda. Ikirudi baada ya miaka miwili haina hata alama wakati bampa limekunjika, naingiwa na wasiwasi na mikono ya stelingi, nafungua kuikagua.

Turudi kwenye kuchomelea, maana watu wananiambia, "Mbona mimi nilichomelea na haijakatika?" Weldi inapopoa, inajikunja. Ukichomelea engo upande mmoja wa tairodi, chuma kinavutwa kuelekea upande wa weldi, kwa hiyo tairodi imepinda kabla gari halijatoka getini. Ile ya Jumatano niliilaza juu ya meza ya chuma, karatasi ikapita katikati bila kugusa popote. Pili, waliochomelea walivuka mpaka kwenye klampu zinazobana tairodi endi, kwa hiyo meno hayazunguki tena na huwezi kurekebisha mwelekeo wa tairi. Kijana alikuwa amekula tairi mbili mpya akidhani ni barabara. Tatu, hawakuzifungua tairodi endi wakati wa kuchomelea. Moto ukaenda ndani, grisi ikayeyuka, raba ikaungua. Vumbi la Natron ni la volkano, laini kama unga, na likipata ufa kwenye raba linaingia kwenye boli, ile tufe ya chuma ndani ya kiungo, na kusaga kama msasa.

La nne ndilo linaloniudhi kuliko yote: kuna wanaoongeza weldi kwenye mkono wa stelingi wenyewe. Mkono ule ni chuma kilichofuliwa na kukomazwa kwa moto wa kipimo. Ukipitisha weldi, ile sehemu iliyo kando ya mshono inabadilika na kuwa kavu, haina unyumbufu. Weldi yenyewe inaweza kuwa nzuri kabisa, safi, imejaa. Ufa unaanza milimita chache pembeni yake, kisha barabara ya kutoka Olduvai kwenda Naabi, iliyojikunja kama bati, inaupigapiga kwa masaa. Kuupasha mkono kwa gesi ili uukunje baada ya kuinua gari ni kosa lilelile. Kwenye gereji yangu mkono uliowahi kuguswa na moto unatupwa, hata mwenye gari akikasirika.

Shokapu ya stelingi, ile inayotuliza mtikisiko wa usukani, nitaipita haraka. Usukani ukitetemeka, shokapu mpya itanyamazisha dalili kwa miezi michache, basi. Gari zima linatakiwa liende bila kutetemeka hata ukiwa umeifungua.

Kulegea kunatafutwa gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, sio juu ya jeki. Ukininginiza tairi hewani umeondoa uzito, na boli iliyokwisha inaweza kukaa sawa ikakudanganya. Mtu mmoja aketi, injini iwake, azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kukoma. Wewe uwe chini, mkono juu ya kila kiungo, kimoja kimoja: mkono wa boksi, dragi linki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kugeuza tairi), tairodi endi zote mbili, bushi na bolti za fimbo ya penhadi inayozuia akseli isiende kando, kisha boksi lenyewe pale linaposhikwa na chesisi. Usitegemee macho. Kidole kinahisi kulegea ambako jicho halikuoni. Pale kwenye boksi futa uchafu wote kwanza, kwa sababu nyufa za chesisi zinajificha chini ya tope na grisi. Kingpini, zile pini ambazo nako inazigeukia, na beringi za tairi ndizo za kupimwa kwenye jeki. Kingpini nazikaza kwa kuongeza au kupunguza shimu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi, kisha naivuta nako kwa mizani ya ndoano kama ile ya kupimia kahawa, nione inageuka kwa uzito gani.

Tafadhali, skrubu ya juu ya stelingi boksi sio dawa ya usukani kulegea. Kaza hiyo wakati ugonjwa uko kwenye dragi linki na utalifanya boksi lishike katikati, liache kurudi lenyewe, na baada ya muda lijile meno.

Na bado kuna magari yanayonishinda kuyaeleza. Nimewahi kubadilisha kila boli, kila bushi, kingpini mpya, na gari likaendelea kutapatapa kwenye kilomita 70 kwa saa. Tukahamisha tairi za mbele nyuma, likatulia. Kisha tukazirudisha mbele, na halikutapatapa tena. Mwenye gari aliridhika. Mimi sikuridhika, na mpaka leo likipita barabarani nalitazama tairi za mbele.

Kuhusu kijana wa Jumatano: engo tuliikata, na tairodi yote tukaitupa. Mkono wa kulia wa stelingi ulikuwa na nati mbili kati ya nne zinazozunguka kwa spana bila nguvu. Stadi moja ilikuwa imevutika, tukabadilisha zote nne na washa zake za koni. Tulimfungia tairodi ya orijino, tukapima kwa futi mbele na nyuma ya tairi, mbele pakawa pungufu kwa milimita 2. Juu ya keria tukamfungia tairodi ya akiba yenye endi zake, imeshapimwa urefu uleule, ili akikwama asipige hesabu porini.

Jumatatu alirudi. Tairodi ya chini ilikuwa imepinda kidogo, upana wa kidole, na alikuwa ameendesha nayo kutoka Ngare Sero bila kuitoa ile ya akiba. Nikaingia chini nikajaribu nati za mikono yote miwili, moja moja. Hakuna iliyosogea.